Harufu Kidogo

Uliisoma habari ile gazetini, ukafika penye maneno "hakujua lugha vizuri", ukageuza ukurasa kutafuta mpira. Rudi. Kaa hapa ukumbini Grimsby, Uingereza, safu ya nyuma, na safari hii usitazame dirishani.

Aliyesimama mbele ni Daiva, mfungasha samaki aliyetoka Lithuania. Kaka yake, Linas, alifia ndani ya chumba cha barafu kiwandani baada ya gesi kuvuja kwenye mabomba. Leo hakimu anayechunguza kifo hicho anataka kujua jambo moja tu: kuna aliyeonya?

"Nilionya," alisema Daiva. "Asubuhi, kabla Linas hajaingia. Nilimwambia msimamizi wa zamu, 'Samahani bosi, mle chumbani kuna harufu kidogo.'"

"Kidogo," alirudia wakili wa kiwanda, taratibu, kama anayeonja supu ya mwenzake. "Gesi inayoua mtu, na wewe ukasema kidogo?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kusema."

"Basi walimu wenu wanastahili nishani."

Watu wakacheka. Hata wewe ulitabasamu, nilikuona. Daiva akarudi kukaa, safu moja mbele yako, mikono mapajani. Tangu siku ya mazishi alikuwa akijiambia hayohayo anayoambiwa sasa: kwamba kaka yake kauawa na ulimi wake yeye.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kakaa mbele yake. Bi Noreen, mjane, mwenyeji wa mji huu tangu enzi za bibi yake, huwafundisha wageni bure katika ukumbi wa kanisa. Somo lile alilikumbuka neno kwa neno. "Shukrani tunazipima kwa tani," aliwaambia, "shida tunaipima kwa tone. Ukipiga kelele hapa, watu wanatazama viatu vyao. Sema 'kidogo', mwenyeji yeyote ataelewa kwamba mambo yameharibika."

Asubuhi ya leo, kabla Daiva hajaitwa, wakili alikuwa kamwuliza Bi Noreen kama ni kweli alifundisha neno hilo. Akajibu ndiyo. Hakuulizwa zaidi, naye hakuongeza. Jibu lile fupi lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wakati wa mapumziko, Daiva alipotoka nje, Glenn, yule msimamizi wa zamu, alimletea Bi Noreen chai ya maziwa yenye sukari nyingi, bila kumwuliza anaipendaje. Akainama kando ya kiti.

"Umejibu vizuri. Ishia hapo hapo."

"Na yule binti?"

"Atarudi kwao, atasahau. Mimi kwangu ni hapa."

"Lakini ulimsikia, Glenn."

Glenn alitazama nyuma, kukuelekea wewe, akaona umeinamia simu yako. "Lori lilikuwa mlangoni linasubiri mzigo," alisema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kunywa chai, inapoa."

Hakuinywa. Alikitazama kikombe mpaka utando ukatanda juu.

Kikao kiliporudi, Glenn akaitwa. Alijibu akiwa kanyooka, suti imembana mabegani.

"Kidogo ni kidogo, mheshimiwa. Angeniambia kunanuka vibaya, ningefunga chumba palepale. Namsikitikia sana dada huyu. Lakini mtu utajuaje?"

Hakimu alitikisa kichwa kukubali, akaanza kuandika. Daiva alifumba macho. Kwa kuandika huko, jambo lilikuwa linakwisha: Linas alikufa kwa sababu dada yake hakujua kusema.

Bi Noreen akasimama.

"Mama, tafadhali," hakimu alisema. "Ushahidi wako tumeshaupokea."

"Mmepokea nusu."

"Kaa chini, mama."

Hakukaa. Wala hakupandisha sauti. Alizungumza na mtu mmoja tu mle ndani, yule mwenye suti ya kubana, ambaye sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku baba yako aliposhika kifua mezani akasema kinambana kidogo, Glenn mwanangu, ulikuwa na miaka tisa. Gari la wagonjwa uliliita wewe, hata kabla sijaweka birika chini."

Na wewe, wa safu ya nyuma, uliyasikia ya lori. Mama akisema peke yake, watasema kachanganyikiwa. Inuka. Useme, sasa hivi, kabla hakimu hajafunga kalamu.