Safari ya Kutoka Voi

Mume wangu Mwakio alinisahau Jumamosi tuliyowapeleka wajukuu makumbusho ya reli. Watoto hawaruhusiwi kuingia mpaka mzee wao aache kumbukumbu moja langoni.

"Acha nitoe mimi, Baba Mkamburi," nilimwambia.

"Wewe? Chumvi yenyewe unaisahau, utabaki na nini?" Akacheka, akavaa kofia ya mashine inayochota kumbukumbu kichwani. "Chukueni safari yangu ya kwanza ya treni, kutoka Voi. Joto tupu, na mtoto wa watu analia njia nzima."

Mtoto yule alikuwa wa dada yangu. Mimi ndiye niliyempakata, kwenye kiti kilichotazamana na cha Mwakio.

Kabla sijamkumbusha, taa ya kofia ilizimika, na yote yaliyochipuka kutokana na siku ile yakaondoka nayo.

Mjukuu wetu Wakesho akamvuta mkono. "Babu, twende kwenye injini!"

Mwakio akanitazama kwa adabu. "Mama, huyu mtoto wako ananivuta."

Sasa safari ile husikika ndani ya behewa la tatu la makumbusho. Wakesho hubonyeza kitufe, na sauti ya babu yake husema, "Mbele yangu kuna msichana amepakata mtoto. Nitamuuliza jina."

Kila tukienda kumsikiliza, naacha kumbukumbu moja langoni.