Tuta la Mchicha

Mama alikuja shuleni kuchukua sanduku la nguo za marehemu mwanawe, si kutazama mboga. Lakini mwalimu wa bustani alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye tuta la mchicha.

"Hili alilipanda mwenyewe kabla ya likizo, mama. Wenzake wamekataa lichumwe."

Mchicha wenyewe ulikuwa umestawi bila haya.

Mwalimu akainua jembe, akaligonga chini mara mbili. Watoto waliokuwa wameinama huku na huku, viziwi wote, wakainua vichwa. Akawaonyesha kwa ishara wapeleke maji kwenye nyanya, nao wakarudi kazini.

Mama alibaki kinywa wazi. "Wamesikiaje?"

"Kwa nyayo. Ndiyo maana humu tunatembea peku."

"Na mwanangu? Alikuwa akigeuka?"

"Yeye? Wa kwanza siku zote."

Nyumbani mama alimwita mwanawe kwa kumrushia kijiwe mgongoni. Miaka yote hiyo. Akiwa na haraka, kijiwe kilikuwa jiwe, na mtoto aligeuka huku akijisugua, akitabasamu, kana kwamba kosa ni lake.

Mama akavua viatu, akaviweka kando ya tuta. Udongo ulikuwa wa baridi, umetoka kumwagiliwa maji sasa hivi. Akainua mguu, akaupiga chini kwa nguvu zake zote.

Watoto wote wakageuka.

Akazitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Kisha akainua mguu tena.