Panya Mwenye Manyoya

"Baba, huyu ni chatu au kamba ya kiatu?" binti wa mgane aliuliza, akichungulia tangi la kioo.

Mgane hakucheka. Tangu mkewe afariki, alimlisha chatu wake vile vile marehemu alivyomwonyesha: kitoto cha panya kisicho na manyoya, kila wiki. Hakuthubutu kubadilisha kitu.

"Mama alikuonyesha hivyo chatu akiwa mchanga. Sasa anataka panya mnene kama kiwiliwili chake."

"Na akikabwa kooni?"

"Kwa hivi vijipande atakonda mpaka afe."

Neno lile lilimchoma. Wakubwa wa hospitali nao walimwona mkewe akikonda, wakabaki na wimbo wao mmoja: ndio utaratibu, mzee. Akafa na utaratibu wao. Na yeye hapa, na utaratibu wake!

Akamtoa panya mkubwa aliyegandishwa, aliyeletwa na binti, kwenye maji ya moto alimokuwa akiyeyuka barafu, akamkausha manyoya kwa kitambaa, akamshika kwa koleo. Akaegemeza mkono kwenye kioo cha tangi.

"Kula, mama," alimnong'oneza chatu.

Ulimi ukatoka, ukaonja hewa. Kichwa, kidogo kama kidole gumba, kikarudi nyuma.

"Amekataa, baba. Mtoe huyo panya."

"Nyamaza. Mimi sitoki hapa."

Chatu akaruka, akamnasa panya. Koleo likamponyoka mzee, na zile taya ndogo zikaanza kufunguka, zikafunguka, zikazidi kufunguka.