Bati Jipya Chini ya Bwawa

"Bwawa ni lilelile, mama," mzee mwenye shamba alisema kwa mara ya tano. "Mliliandika hatari ndogo. Leo limekuwaje hatari kubwa?"

Mkaguzi wa mabwawa alishusha pumzi. "Mzee wangu, daraja la hatari halifuati ukubwa wa bwawa. Linafuata nani anaishi chini yake."

"Chini kuna mahindi tu!"

"Na lile bati jipya?"

"Aa, pale ni kwa binti yangu. Nimempa kiwanja mimi mwenyewe, awe karibu na maji."

Mkaguzi alikinga glasi pale tuta la bwawa lilipokuwa likivuja. Mwaka jana maji hayo yalikuwa safi. Sasa yalikuwa na rangi ya udongo wa tuta lenyewe.

"Tuta linaliwa na maji kutoka ndani," alisema, akamkabidhi glasi.

Mzee aliitazama, akalitazama bati, kisha akavua ndala na kushuka mteremko mbio.