Hatua Mia Moja na Mbili

Hatua mia moja na mbili. Nzai alifika chini ya mkuyu, akageuka, akarudi kwa hatua ndefu zile zile hadi kwenye kaburi la mkewe akihesabu upya. Mia moja na mbili. Akalivuta tawi la miiba, akaliweka vizuri juu ya udongo, kisha akakaa kungojea gari.

Gari lilifika saa nne, likitimua vumbi kutoka upande wa Garsen. Wakashuka Laban, kijana wa kampuni inayotafuta mafuta, na chifu mpya aliyeletwa mwezi wa pili, ambaye hadi leo hakujua nani ni nani. Jirani, Mapenzi, alikuja kwa miguu na ndoo tupu mkononi. Hakuitwa, lakini mambo ya shamba la jirani mtu hangoji kusimuliwa.

Laban alieleza kwa upole, kama alivyoeleza barazani. Kabla ya kupitisha mitambo ya kutikisa ardhi, ni lazima wachimbe shimo moja jembamba hapa, la mita thelathini, walitie bomba, wasikilize mtikisiko unavyopita huko chini. Mahindi yatakayokanyagwa yatalipwa.

Kigingi chenye utepe mwekundu walikuwa wamekipigilia wiki tatu nyuma. Kaburi lilikuwa hatua tano kutoka hapo.

“Hili kaburi wapimaji wetu hawakuliona?” Laban aliuliza.

“Wapimaji walitazama simu,” Nzai alisema. “Chini hawakutazama.”

Chifu akacheka. “Siku hizi kila shamba lina kaburi. Jana huko mbele tumeonyeshwa kaburi la bibi, na bibi mwenyewe akatuletea chai.”

Mapenzi akaitua ndoo. “Chifu, wewe ni wa juzi. Dama nimemlilia mimi kwa macho yangu haya. Muulize yeyote hapa kijijini Wema kama Dama yu hai.”

Laban aliinama, akaugusa udongo.

“Mbona bado umelegea?”

“Fisi,” Mapenzi akasema. “Wanafukua, tunarudishia.”

“Pole sana, mzee. Mama alikuwa mgonjwa?”

“Hakuugua hata siku moja. Alikufa asubuhi, akifanya kazi ya serikali.”

“Kumbe alikuwa ameajiriwa?”

“La.” Nzai alimtazama chifu. “Aliiandikia ofisi ya huyu barua tatu. Mimi sijui kuandika, yeye alijua. Ya tatu niliipeleka mwenyewe. Nikaambiwa ngoja kwenye benchi. Nikangoja mpaka wakafunga mlango.”

“Huyo ni chifu aliyepita,” chifu akadakia.

“Kiti ni kile kile.”

Alisema bila kupandisha sauti. Zamani angeipandisha. Mwezi wa kwanza baada ya Dama alitukana kila mwenye cheo aliyepita na gari, akapanda basi mpaka Hola kwenda kuwatukana wengine huko. Kisha siku moja matusi yakaisha, kama mafuta ya taa yanavyoisha kwenye kibatari. Sasa alikula akikumbushwa, alilala akichoka.

Sheria ya kampuni, ile aliyoisoma Laban barazani, ilisema shimo lisisogelee kaburi, angalau mita mia. Laban akazungusha macho. Upande wa mto palikuwa tope, lori lingezama. Upande wa barabara lilikuwa shamba la watu waliokataa katakata.

“Labda pale kwenye mkuyu,” akasema.

Nzai aliugeukia mkuyu. “Pale Dama alipapenda. Alikuwa akikaa pale jioni, ameweka mkono kwenye mchanga.”

“Basi, mzee, tutafute kwingine...”

“Chimbeni. Lakini mkimaliza msifukie.”

“Utaratibu wetu ni kuziba.”

“Mwanangu, nimechoka na watu kufukia vitu kwenye shamba hili. Mtaliacha na bomba lake. Andika hivyo ndipo niweke dole.”

Laban alimtazama chifu. Chifu alikuwa akiitazama saa yake.

“Mwandikie,” akasema. “Mtu amefiwa huyu. Bomba moja ni kitu gani?”

Laban akaandika. Alimsomea Nzai maneno yote mara mbili, na Mapenzi naye akataka kusomewa, ingawa halikuwa shamba lake. Nzai akabonyeza dole kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi, akalipangusa kwenye suruali.

Mashine ilikuja Jumatatu. Ilinguruma siku mbili, ikaondoka. Chini ya mkuyu likabaki bomba jeupe, limesimama kimo cha goti.

Alhamisi asubuhi Mapenzi alikuja na ndoo yake, kamba ndefu, na kopo jembamba lililofungiwa jiwe. Akaliteremsha ndani ya bomba. Kamba ikaenda, ikaenda, kisha ikalegea. Alipoivuta alihisi uzito. Kopo likatoka likichuruzika maji. Akatia kidole, akaonja.

“Matamu,” akasema. “Mzee Nzai, ni matamu! Alisema, mke wako, na kwenye barua zake aliandika, kwamba hapa chini kuna maji. Alituambia sote.” Akaketi pale pale kwenye mchanga, akaanza kulia.

Nzai hakulia. Alitembea hatua mia moja na mbili, akaondoa miiba, akafukua kwa mikono kaburi alilolitengeneza baada ya kigingi. Hakufukua sana. Akatoa dumu la njano, kitu pekee kilichorudi kutoka mtoni asubuhi aliyokufa Dama, akalikung'uta udongo, akampelekea Mapenzi alijaze.

Lilijaa nusu tu. Juu ya hapo yalikuwa matundu ya meno ya mamba.