Vumbi kwenye Bamba la Nyumbani

Katika mechi hiyo ya softiboli, Brenna ndiye aliyeupiga mpira kwa gongo hadi kwenye uzio. Lakini yeye ni mdakaji, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, na kanuni inaruhusu mwingine akimbie badala yake ili yeye akavae kinga zake mapema. Kocha akamtoa, akamwingiza mwenzake.

Sasa Brenna alisimama kwenye mlango wa waya wa benchi, kinga ya mguu mmoja haijafungwa, akimtazama mwenzake akimaliza mzunguko kwenye bamba la nyumbani na bao la ushindi.

"Swala huyo!" baba yake Brenna alipiga kelele jukwaani. "Mmeiona hiyo miguu, jamani?"

Brenna alipoupiga ule mpira, baba yake alikuwa anakula karanga.

Bamba la nyumbani lilikuwa limetandwa na vumbi jekundu, halijaguswa. Alama ya kiatu cha mwenzake ilikuwa pembeni, upana wa kidole tu kutoka kwenye bamba. Bamba lisipokanyagwa, wapinzani wakilalamika bao linafutwa. Mdakaji wa wapinzani, mpira mkononi, alikuwa ameanza kuinama kulitazama.

Mwenzake Brenna alikuja mbio, anacheka. Bado angeweza kurudi kulikanyaga, ila akishaingia benchi, haruhusiwi tena.

"Bao lako hili, shosti! Nimekuletea!"

Brenna akamfungulia mlango.

"Ingia," akasema.