Mwenzake Mchezoni

Mende wa kwanza alitokea kwenye tundu la feni, akasimama juu ya meza na kutikisa vipapasio vyake kama kwamba yeye ndiye mwenye duka. Munga akamponda kwa kandambili. Alipotoa skrubu za mwisho na kuinua kifuniko cha chini cha ile kompyuta ya kupakata, wakamwagika wengine, wakubwa kwa wadogo, na harufu ya uvundo ikajaa kibanda kizima.

"Mzee, hii kompyuta huwa inakaa wapi?"

"Jikoni," alijibu Mzee Sheikhan. "Ndipo mtandao unaposhika."

Munga alikuwa fundi wa kompyuta wa siku nyingi pale Magongo, na uchafu alikwisha kuuzoea. Huu ulimshinda. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi, nywele na mabawa ya mende, vyote vimeshikana kama kitambaa kilichofumwa. Vibonye vilikuwa na madoa mekundu ya mate ya tambuu, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale pale akiitafuna, akiihamisha kutoka shavu hili hadi lile. Munga akavaa glavu, akageuza uso pembeni ndipo akavuta pumzi.

"Na pembe hii iliyovunjika?"

"Niliipiga ukutani."

"Kwa nini?"

Mzee akatazama barabarani. "Hasira, mwanangu."

Alilolitaka mzee lilikuwa moja: mchezo wake wa vita uende vizuri. Picha zilikuwa zikikwamakwama, adui anampiga risasi kabla hajamwona, na mwenzake anayecheza naye mtandaoni inambidi arudi nyuma kumngoja.

"Nitilie kadi mpya ya picha," alisema. "Nikizidi kumchelewesha ataniacha, atafute mwengine."

Munga alimweleza kwamba katika kompyuta kama ile, kadi ya picha imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Lakini angeweza kuisafisha feni, kutia dawa mpya ya kupitisha joto, kuongeza memori, kisha kupunguza mapambo ya mchezo, vivuli na nyasi, ili mashine ipate kupumua. Kompyuta ni kuukuu, alisema, isitarajiwe miujiza.

"Fanya uwezalo, fundi. Isiniaibishe tu mbele yake."

Mtu mzima na ndevu zake nyeupe, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, anaogopa kuaibika mchezoni. Munga alihisi aibu kwa niaba yake.

"Na unasema umetoka Kisauni mpaka huku? Hukuona mafundi njiani?"

"Kule watu wananijua," mzee alisema, akainamisha macho.

Jibu lile halikumkaa vizuri Munga.

Adhana ya alasiri ilipolia, mzee alimwachia nywila akaenda kuswali. Munga alimaliza kazi, akaiwasha mashine na kuufungua mchezo aujaribu. Picha zikateleza bila kukwama. Alikuwa karibu kutabasamu alipoliona jina alilotumia mzee: Chipukizi wa Kisauni. Pembeni mwa jina kulikuwa na picha ya kijana ambaye ndevu hazijamwota.

Chini yake kulikuwa na mazungumzo. Munga hakuwa na desturi ya kusoma mambo ya wateja, lakini mstari wa kwanza ulimshika macho. Mzee alikuwa akimwandikia mtu aliyejiita Kipanga. *Mimi pia nina miaka kumi na tisa, kama wewe.*

Akasoma mingine.

*Leo umekula? Umekula nini?*

*Unalala wapi siku hizi? Mko wangapi chumbani?*

*Usiku jifunike vizuri kifua, baridi haikufai.*

*Likikupata jambo lolote, niambie mimi kwanza.*

*Usipoingia huwa silali. Kesho nikuone tafadhali.*

Mate yakamjaa Munga kinywani. Alitoka nje akatema, akarudi, akatoka tena. Alimkumbuka binti yake, ashindaye na simu mkononi akicheka na watu ambao hakuna aliyewaona nyuso zao. Kumbe mende walikuwa nafuu. Kumbe pale mezani mende ndio waliokuwa viumbe safi. Alivitazama vile vibonye vyenye madoa ya tambuu, akafikiri juu ya vidole vilivyoandika maneno yale, na ijapokuwa alikuwa na glavu, akaipangusa mikono yake kwenye suruali.

Pale stendi palikuwa na vijana wa bodaboda ambao hawangehitaji kuambiwa mara mbili. Angewaita wamsubiri mzee mlangoni. Lakini kwanza yule kijana wa watu aokolewe.

Kama kwamba ameitwa, jina la Kipanga likawaka kijani.

*Leo umeingia mapema,* aliandika Kipanga. *Na hukwami.*

Munga akavuta kiti. Aliandika upesi.

*Mimi siye. Mimi ni fundi, niko Magongo, natengeneza hii kompyuta. Huyu unayecheza naye si kijana. Ni mzee mwenye ndevu nyeupe, nimemwona kwa macho yangu. Amekudanganya tangu mwanzo. Usimwambie unapolala. Achana naye leo leo.*

Akatuma.  Barabarani Munga alimwona Mzee Sheikhan akirudi kutoka msikitini, anaharakisha, kanzu ameishika kwa mkono mmoja isiguse matope. Munga akasimama, akatafuta kwa macho wale vijana wa stendi, akainua mkono kuwaita.

Nyuma yake kompyuta ikalia. Akageuka kusoma.

*Najua. Ni babangu. Nakuomba itengeneze vizuri, na usimwambie kwamba najua.*